Maneno Aliyonifichia Shemeji

Watu wakinisimamisha barabarani kuniuliza kama ni kweli mimi ni shemeji yake Chongo, huwa najibu ndiyo, halafu naendelea na safari yangu. Wanataka nicheke nao. Wanataka niwaambie anakula nini, analala saa ngapi, na kama nyumbani nako ni mkorofi vile vile. Basi leo nitasema, na asiyetaka kusikia aondoke zake sasa hivi.

Shemeji yangu ni mwigizaji. Si wale wa mbele, wenye sura za kuwekwa kwenye kalenda. Yeye ni wa pembeni. Miaka thelathini na tano amekuwa askari wa pili, tarishi, mlevi, hakimu, daktari anayetoka chumba cha upasuaji akitikisa kichwa. Siku moja nikikunja nguo nilimhesabia: amekufa mara kumi na tisa, amefungwa jela mara saba, na ameoa mara mbili tu, zote kwa hila. Uso wake ni wa mtu unayempita kwenye foleni ya benki usimkumbuke, na huo ndio mtaji wake. Mpake mvi ni babu, mvike miwani ni karani.

Mume wangu ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki shemeji akiwa darasa la nne, kaka mtu akaacha shule akashika randa. Akawa seremala, tena seremala wa kweli, si hawa wa kuziba nyufa kwa gundi na unga wa msumeno. Mdogo wake alipomaliza masomo akasema anataka kuigiza, ukoo mzima ulishika kichwa. "Kujifanya nako ni kazi?" shangazi yao aliuliza. "Mbona sisi wengine tunajifanya bure?" Mume wangu akamtengenezea yeye na kikundi chake jukwaa la kukunja, wakawa wanalibeba kwa mkokoteni ukumbi hadi ukumbi, na yeye anakaa safu ya nyuma kabisa kusikiliza kama mbao zinalia. Maneno ya mchezo hakuyafuata hata kidogo.

Sasa mjue jinsi shemeji anavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Hana kitu chake mwenyewe. Simtukani, ndivyo alivyoniambia kwa mdomo wake. "Shemeji, mimi ni debe tupu." Nikamwambia debe tupu ndilo lenye kelele, tukacheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka. Alikuwa anakwenda kukaa kwenye korido za hospitali, kituo cha polisi, harusi za watu asiowajua, anatazama. Huyu anamchukulia mwendo, yule kikohozi, yule jinsi anavyoshika glasi akiwa na hasira. Waigizaji wenyewe wanaita kumchukua mtu. Mama yangu alipofariki nililia nimeshika mguu wa meza, na mwaka uliofuata nikakisikia kilio changu kwenye mchezo wa redio, pumzi kwa pumzi. Mjinga mimi, nilijivuna. Niliwaambia majirani waongeze sauti.

Na alikuwa na mwiko mmoja. Alichokichukua hakisemi kwa mtu yeyote mpaka akicheze kwanza. Kitu ukikisimulia nyumbani, anasema, jukwaani kinachacha. Mke wake alimwacha mwaka wa tatu wa ndoa, na aliponiaga aliniambia amechoka kuishi na mtu anayejua habari za watu wote ila hamwambii hata moja. Mimi nikaona ni maneno ya mwanamke mwenye uchungu. Nyani haoni kundule.

Ikaja ile tamthilia ya televisheni. Shemeji akapewa mtu anayekula urithi wa yatima, baba mdogo mwenye maneno matamu, anayewatembeza watoto wa marehemu ofisi hadi ofisi mpaka wanasaini kuitoa nyumba yao wenyewe. Kwenye karatasi mtu yule hakuwa na lolote la kumtofautisha na wezi wengine. Shemeji akampa jicho la mume wangu.

Seremala akichagua ubao huuinua usawa wa uso, anafumba jicho moja, anautazama urefu wake wote aone kama umepinda. Mume wangu alifanya hivyo tangu ana miaka kumi na minne mpaka jicho likazoea. Ukimweleza jambo zito, analifumba. Binti yetu akija na shida zake za shule, analifumba. Maana yake ilikuwa: endelea, nakusikiliza. Mimi nilichumbiwa kwa jicho moja, na sikupunjwa.

Shemeji akalichukua jicho hilo akalitia kwenye uso wa mwizi. Kila alipotaka kumdhulumu mtoto, kwanza alifumba jicho, akamsikiliza kwa huruma zote, halafu akatoa kalamu. Watu wakampachika jina la Chongo. Akina mama walimtukana sokoni, dereva mmoja wa teksi alikataa kumbeba, na yeye kila tusi lilimnenepesha. Akapewa tuzo ya mwigizaji msaidizi. Akaileta mpaka kwetu, akaisimamisha juu ya kabati alilolitengeneza kaka yake, akasema, "Kaka, hii ni yetu sote."

Lakini mtaani kwetu walikuwa wanajua jicho lile ni la nani. "Kumbe Chongo mwenyewe ni Fundi!" Ilianza kwa utani. Halafu mteja aliyemzoea kwa miaka kumi akaja kulalamika kuwa mbao za meza yake si zile walizokubaliana. Mume wangu akafumba jicho amsikilize vizuri, na yule bwana akaruka juu. "Si mnaona? Ndivyo hivyo hivyo anavyotuibia!" Karakana nzima ikacheka. Mume wangu hakucheka, na jioni hakula.

Tangu siku ile akaacha. Akawa ananyoosha uzi juu ya ubao ndipo ajue kama umenyooka. Seremala wa miaka arobaini kazini, anatumia uzi kama mwanafunzi, ili tu asionekane amefumba jicho! Nikampigia shemeji simu kwa hasira. Akanijibu kwa upole, kama anamtuliza mtoto. "Shemeji, nikimwiga mtu, yeye hapungukiwi na kitu. Jicho si bado analo?"

"Njoo basi unionyeshe alilonalo," nikamwambia.

Hakuja. Na siku alizokuja baadaye, kwa shughuli za ukoo, mume wangu alikaa mbele yake kama anapigwa picha ya paspoti, mikono mapajani, uso mkavu. Hakumgombeza hata mara moja. Alimnyima tu cha kuchukua. Hata kukohoa alitoka nje. Miaka sita ikapita hivyo.

Halafu vumbi la mbao likamfikia kifuani. Daktari alituambia wazi, hakutuzungusha. Wiki tatu za mwisho alikuwa nyumbani, kitandani kwetu, mito minne mgongoni kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu haji?" Maneno matatu tu. Nikatoka uani nikampigia. Nikamwambia, "Kaka yako anakwisha. Njoo umwombe msamaha. Usipokuja, mimi na wewe basi."

Akaja Jumatano asubuhi, amevaa shati jeupe. Alipomwona kaka yake alivyokonda, akapiga magoti pale pale kitandani, akaukumbatia mkono wake, akalia. Sitawadanganya, nilimsamehe hapo hapo. Nilisema moyoni, damu ni damu. Mume wangu akanitazama akasema, "Tuachie kidogo. Katuchemshie chai."

Nikaenda jikoni. Nikachemsha chai, nikasuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi, nikakata mkate. Sikutaka kuwaingilia ndugu wawili wasiozungumza miaka sita. Nilikuwa na furaha, mnanielewa? Nilikuwa natabasamu peke yangu mbele ya sufuria. Kisha shemeji akasimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Shemeji, kaka ametangulia."

Nilipomfikia alikuwa bado wa moto.

Jambo la kwanza nililouliza, kabla hata sijalia, lilikuwa hili: "Alisema nini?" Shemeji akaniangalia, macho yamemwiva. "Hakusema kitu. Alilala tu."

Nikamuuliza tena siku ya mazishi. Nikamuuliza mwezi wa pili, kwenye simu. Jibu lile lile. Mimi nikawa nakaa na hilo. Mume wangu hakuwa msemaji, lakini hata akienda dukani kununua misumari alikuwa haondoki bila kuniaga. Miaka thelathini na moja, halafu aondoke moja kwa moja, kimya, mimi niko jikoni nasuuza vikombe? Nilijilaumu mpaka nikachakaa. Kwa nini nilitoka? Chai ingengoja. Usiku na mchana nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, neno lake la mwisho, hata liwe la kuomba maji, na mtu pekee aliyekuwepo ananiambia halikuwepo.

Miezi minane ikapita. Jumapili moja binti yangu akaja na kadi mbili za mwaliko. Baba yake mdogo amepata nafasi ya kwanza! Maisha yake yote hajawahi kuwa mhusika mkuu, na sasa picha yake imebandikwa nje ya ukumbi, kubwa kuliko mlango. "Twende mama, utoke kidogo," akanibembeleza. Nikavaa viatu vyangu vizuri, nikaenda kumshangilia. Eti kumshangilia.

Alikuwa anacheza dereva wa treni aliyestaafu, mzee mkali aliyegombana na mwanawe. Nusu ya kwanza nilicheka kama wengine. Nusu ya pili pazia likafunguka, kuna kitanda, na mito minne.

Nikamshika binti yangu mkono.

Pumzi zilikuwa za mume wangu. Tatu fupi, kisha anaibana, kisha anaiachia kidogo kidogo. Vidole vilikuwa vyake, vinalainisha shuka kama vinasikiliza ubao uliopigwa msasa. Kijana anayecheza mwana mtu akapiga magoti, akaukumbatia mkono, akaomba msamaha. Na mzee akajibu. Akajibu! Akasema, "Nilikusamehe zamani. Nilikuwa nangoja tu uje uniulize." Kisha akageuza uso kidogo, akasema, "Mwambie mama yako asijilaumu. Mimi ndiye niliyemtoa. Sikutaka anione nikikata roho, angeniona hivyo kila siku."

Wanangu, miezi minane! Miezi minane nilikuwa nalitafuta neno hilo, na watu mia nne waliokata tiketi wamelipata pamoja nami, tena waliokaa safu ya kwanza wamelipata kabla yangu.

Halafu mzee akavuta pumzi akasema, "Na mwambie ule mlango wake niliuharibu makusudi."

Hapa lazima niwaeleze. Nilipokuwa msichana, baba yangu aliagiza mlango kwa fundi kijana. Ukaja, haufungiki. Fundi akaja kuurekebisha, akaondoka, wiki ya pili umekwama tena. Alikuja mara tano. Mara ya tano baba akamwambia, kijana, unataka mlango au unataka binti? Maisha yetu yote nilimwuliza mume wangu kama aliuharibu makusudi, na maisha yetu yote aliapa kuwa ulikuwa unyevunyevu wa mbao. Habari hiyo niliwasimulia watu wote, kwenye kila shughuli. Ilikuwa kichekesho cha ukoo.

Ukumbi ulicheka. Kicheko kizuri, cha watu wanaolia. Na katikati ya kicheko mzee akakata roho, pazia likashuka, watu wakasimama wakapiga makofi mpaka viti vikatetemeka. Binti yangu naye alisimama. Mimi nilibaki nimekaa, mkoba mapajani.

Chumba cha kujipamba kiko nyuma, korido nyembamba inayonuka rangi na jasho. Nilimwambia binti yangu asubiri nje. Shemeji alikuwa mbele ya kioo, pamba mkononi, amejifuta uzee nusu uso. Akaruka aliponiona.

"Shemeji yangu! Umekuja! Umeonaje?"

"Uliniambia hakusema kitu."

Mkono wenye pamba ukashuka. Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Akakaa. "Ningekwambia," akasema. "Wallahi ningekwambia. Tukimaliza maonyesho ningekuja nyumbani, nikae nawe chini, nikupe yote. Tayari nilikuwa nimeshapewa mchezo huu, na kile kifo hakikuwa na maneno, mwongozaji alisema tutayatafuta kwenye mazoezi. Kama ningekwambia wewe kwanza, tungelia pamoja, yangekwisha pale pale. Unajua mwenyewe. Kikisemwa nyumbani kinachacha."

"Mume wangu si maziwa!"

Nilipiga kelele, mtu kwenye korido akagonga mlango kuuliza kuna nini. Shemeji akamjibu hakuna kitu. Nikamwambia mengi ambayo siyarudii, na mengine sijutii. Nilimwambia nilikwisha kukonda kwa kujilaumu, na dawa alikuwa nayo yeye mfukoni, anaitunza isiharibike. Alisikiliza kichwa chini. Na mimi, mjinga, bado nilikuwa na tumaini. Nikashusha sauti.

"Haya. Yamekwisha. Sasa niambie alivyosema yeye. Si huyo mzee wa treni. Yeye."

"Si ndiyo hayo, shemeji."

"Yote?"

Akaanza kuichambua ile pamba nyuzi nyuzi. Hilo lilinitisha kuliko uongo wake wote.

"Alisema nini kuhusu mimi? Alisema 'shemeji yako,' au alinitaja jina?"

"Pale tulibadilisha, kwa sababu ya yule kijana, ikawa 'mama yako.' Kabla ya hapo..." Akafumbata vidole. "Nadhani alikutaja jina."

"Unadhani?"

"Mwanzoni ilikuwa ndefu zaidi, mwongozaji akaipunguza. Tukaijaribu hivi na vile. Shemeji, nimeyasema maneno hayo zaidi ya mara mia, mazoezini na hapa. Nikijaribu kumkumbuka kaka, namwona, kitanda nakiona, mdomo wake unacheza, lakini sauti inayotoka ni yangu."

"Na mlango?"

Hakunitazama. "Mwongozaji alitaka wacheke kidogo kabla ya mwisho. Mimi nikasema kuna habari ya mlango."

"Habari ya mlango uliisikia kwangu! Kila siku naisimulia. Nakuuliza, yeye alisema au hakusema?"

"Nilipoisema mazoezini niliona kama ninaikumbuka."

"Alisema au hakusema?"

"Sijui, shemeji." Akaanza kulia, na rangi ya uzee iliyobaki ikamchuruzika shavuni. "Kusamehe alinisamehe, hilo nina hakika. Hayo mengine sijui tena lipi lake lipi letu. Nisamehe."

Nilimtazama akilia. Nilimtafuta mume wangu ndani ya uso ule, nikamkosa. Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kutoka, nimchukue binti yangu, tusikanyage tena mahali alipo. Lakini sikutoka. Maana nikitoka pale, nilikuwa narudi kwenye nyumba isiyo na neno hata moja, na maneno haya ndiyo yaliyobaki duniani, mabovu kwa mazima, na yako kinywani mwa mwizi huyu.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, mkoba nikauweka chini.

"Rudia," nikamwambia. "Anzia pale anaposema nisijilaumu. Na usiharakishe."